Mstari wa Nne

Sehemu ya pili ya fomu ya hataza inauliza:
Ni nani waliobuni?
Wametupa mistari mitatu.
Nimeandika Heino, nimeandika Kaarel,
nimeandika Leelo, jina langu,
kisha nikaishika kalamu muda mrefu
kuliko inavyohitaji nukta.

Nje ni Tartu, ni Februari, mto umeganda,
watu wanakatiza juu yake kwenda sokoni.
Humu, orofa ya chini ya Kitivo cha Tiba,
mashine inanguruma na chai imepoa.

Miaka tisa tuliutafuta moyo kwa sauti.
Sauti isiyosikika hata na mbwa:
unaituma kifuani, inagonga, inarudi,
na kila kinachorudi unakigeuza mwanga.
Wanasema moyo wa mwenzako ni msitu wa giza.
Kurunzi yetu ilikuwa mbovu.
Tuliona mawingu. Tuliona ukungu.
Siku moja Kaarel aliapa kaona vali,
kumbe ubavu.

Kila jioni Virve aliingia na ndoo yake
akazoa vilivyotushinda:
nyaya, fuwele zilizopasuka,
visahani vya kauri vyembamba kama ukucha.
Kimoja kilikuwa na matundu mawili;
alikishona kwenye koti, pale palipokosa kifungo.
"Kimekataa kazi yenu," alisema.
"Kwangu hakijakataa."

Halafu Oktoba akaanza kupumzika ngazini.
Ngazi ya saba. Ngazi ya tatu.
Alisema ni uzee. Alisema ni buti.
Heino akamlaza kwenye kitanda cha majaribio,
nikampaka jeli baridi, akanitukana kidogo,
na msitu ukafunguka.

Chumba, na chumba, na kati yake mlango
wenye mbawa mbili zisizokutana.
Damu ilikuwa inarudi nyuma, nyekundu na buluu kiooni,
kama moshi wa jiko upepo unapogeuka.
Ilikuwa picha safi kuliko zote tulizowahi kupata,
na nilitaka isiwe yake.

Virve akageuza shingo, akaitazama kwa jicho la mtu
aliyefunga milango thelathini na sita kila usiku
kwa miaka kumi na tisa.
"Hilo pazia halifungi," akasema.
"Langu la bafuni lilikuwa hivyo hivyo.
Nilibana katikati, kwa kibanio cha nguo. Basi."

Basi.
Ng'ambo walikuwa na vibanio vyao, tulivisoma,
vipana mno kwa moyo mdogo kama wake.
Ila hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza bafu:
springi moja, meno mawili, katikati.
Kaarel alitoka mbio bila kofia
akarudi na pakiti ya vibanio vya mbao, senti tisini,
bei bado imebandikwa.

Cha kumi na nne ndicho kilichopanda mshipani,
kutoka pajani, polepole,
nami nikikionyesha njia kwa sauti ile ile isiyosikika.
Hakikuwa cha Virve.
Kamati ya maadili ilitaka miezi kumi na mmoja ya karatasi.
Yeye alikuwa na saba.
Kilimfikia mkata miti wa Võru,
aliyezinduka akaomba viazi na samaki wa chumvi.

Ofisi ya chuo imenieleza kwa upole
kwamba mbunifu ni aliyetatua,
siyo aliyezungumzia pazia.

Koti lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango.
Dada yake aliahidi kulifuata baada ya theluji.
Leo asubuhi, kwa ujinga tu,
nilikiunganisha kile kifungo kwenye mashine.
Kikatoa mwangwi mmoja, hafifu, uliopinda.
Kaarel anasema ni kelele za waya.

Huenda.
Nimechukua rula.
Chini ya mistari mitatu nachora wa nne,
nao wataukata, najua,
lakini watalazimika kwanza kuusoma.